Shahidi wa Chumba cha Kufulia

Kwenye mauaji yale nilialikwa nikiwa katika chumba cha walimu, kikombe cha kahawa mkononi na simu sikioni. Nilikuwa nikigombana na fundi anayenijengea nyumba Thika, fundi ambaye kila mwezi ukuta wake unazidi kushuka badala ya kupanda. Nilipokata simu, mwenzangu anayefundisha historia, Mswidi mmoja mrefu aliyekaribia kustaafu, alinisogelea kwa adabu akauliza kama lugha ile ndiyo Kiswahili. Nikamwambia ndiyo, na kwamba matusi yenyewe nilikuwa bado sijayafikia. Uso wake ukachangamka. Akasema wana kesi ya mauaji na wananihitaji sana.

Mimi hufundisha hesabu katika shule ya Kista, pembeni mwa Stockholm, na sijawahi kumdhuru mtu zaidi ya kumpa alama anazostahili. Lakini mtu mweusi akiambiwa na Mzungu kwamba kuna kesi ya mauaji na anahitajika, jambo la kwanza ni kuanza kukumbuka alikuwa wapi na nani alimwona. Nilikuwa nimeshafika Jumanne ya wiki iliyopita nilipoelewa kwamba maiti yenyewe ilikuwa na zaidi ya miaka mia kaburini.

Stockholm kila mtu ana klabu yake. Iko ya waokota uyoga, iko ya wanaochupa kwenye maji ya barafu kwa hiari yao, iko ya wafuga nyuki juu ya mapaa ya maghorofa. Ya mwenzangu, ambayo yeye ndiye mwenyekiti, ni ya watu wanaotafuta wauaji waliokwisha kufa. Kesi mpya hawazitaki kabisa, nadhani kwa sababu muuaji anaweza kuwa hai akachukizwa. Hukutana Jumapili katika ukumbi mdogo kule Farsta, wanawasha mishumaa, wanakula vitafunwa vya mdalasini na kuzungumza juu ya damu kwa sauti ya chini.

Kesi yao ilikuwa hii. Katika mji mmoja wa bandari huko Uingereza, enzi za yule malkia wao mjane, mwenye nyumba ya kulaza mabaharia alikutwa usiku ameuawa chini ya ngazi za nyumba yake. Shahidi alikuwa mmoja tu, mwanamke wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Aliletwa huko na familia ya Kizungu kuwa yaya, na watoto walipokua wakamwacha bandarini kama mwavuli uliosahaulika kwenye treni. Basi akawa anafagia katika ile nyumba ya mabaharia, na tena anafua nguo katika nyumba kubwa ya kufulia mtaa wa pili. Alisimama mahakamani akasema alimwona mtu akishuka ngazi na taa mkononi, na akamtaja ni nani. Polisi akasimama akasema mama huyu ni mwongo, maana usiku huohuo jina lake liliitwa kule kwenye nyumba ya kufulia, akaitika, na akafua hadi kukacha. Hakimu akamtoa nje. Yule aliyetajwa akaenda zake nyumbani kula, na hadi leo hakuna aliyewahi kufungwa.

Klabu walitaka kujua mwanamke huyu alikuwa nani hasa. Magazeti ya wakati ule yalimwandika kwa jina moja, lakini gazeti moja lilisema ni mrefu mwembamba, na lingine likasema ni mfupi mwenye mwili uliojaa. Moja lilimwona akivuta kiko nje ya mahakama, na lingine likasifu jinsi alivyokataa hata maji kwa kuwa yuko kwenye mfungo. Walikuwa wamelumbana juu yake mwaka mzima. Walimchora. Walipima kimo chake kwa kumlinganisha na kizimba cha mahakama. Mimi niliitwa kwa sababu gazeti la kwanza lilichapa maneno aliyoyasema kwa lugha yake kabla ya kutolewa nje, na klabu nzima ilikuwa na hakika ni kiapo cha kichawi. Nikayasoma. Alikuwa ameomba maji ya kunywa. Mwenyekiti akaniuliza taratibu kama maji yana maana fulani katika mila zetu. Nikamwambia yanayo, hukata kiu.

Ukweli ni kwamba jibu la kesi nililijua siku ileile, kabla sijamaliza kitafunwa changu. Wala si kwa akili. Nililijua kwa sababu jibu lenyewe linaishi nyumbani kwangu Husby, katika chumba cha pili, na siku ile lilikuwa limebaki jikoni linakaanga samaki.

Mpangaji wangu ni mwanamke wa Tanga. Alikuja Sweden kwa ndoa, na ndoa ikavunjika kabla kibali cha kudumu hakijatoka, kwa hiyo sasa ana rufaa mahali fulani, na anaingoja. Kazi anafanya kwa jina la rafiki yake, Mkongo wa Bukavu mwenye karatasi zake zote. Mkongo huyo aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, kisha akapata nafasi ya kusomea uuguzi. Basi siku za chuo anakwenda wa Tanga, na siku nyingine anakwenda mwenyewe. Wana jina moja, kadi moja ya mlangoni na sare moja ya buluu. Wakigundulika, rufaa ya mmoja imekufa, na mwingine kazi na uuguzi vyote vimekwenda. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha raha kila simu ya mlangoni ilipolia.

Na usidhani ni kazi rahisi kuwa mtu mmoja. Kila Jumapili asubuhi Mkongo alikuja jikoni kwangu kukabidhi wiki. Alisimulia nani amekufa ghorofa ya juu, nani amehamishwa chumba, mashine ipi inavuja, na hasa nini kilisemwa na msimamizi na yeye akajibu nini, ili mwenzake akiulizwa asibabaike. Siku moja Mkongo alilalamika kazini kwamba jino linamuuma, na wa Tanga, mwenye meno mazima yote, akashika shavu zamu zake zote za wiki iliyofuata. Mkongo hana haya mbele ya nyama ya nguruwe. Wa Tanga hufunga Ramadhani, na zile siku sita za baada ya Idi juu yake. Mmoja anamfikia mwenzake begani. Nilipowauliza kama hawaogopi, Mkongo alicheka akasema msimamizi huja kila asubuhi, huwasalimia wote kwa tabasamu, lakini anayemwona ni sare.

"Dada, ule uso wangu, ye hajauona hata siku moja," alisema. "C'est la blouse anajua. Blouse tu."

Kwa hiyo nilipomsikia shahidi wa klabu akiwa mrefu na mfupi, anavuta kiko na anafunga, yuko kwenye ngazi na yuko kwenye mapipa ya maji ya moto, sikuona fumbo lolote pale. Niliona wanawake wawili waliogawana jina kwa sababu kazi ilikuwa moja. Mmoja aliitika jina kule kwenye nguo, mwingine akamwona muuaji, na hata mahakamani walikwenda kwa zamu. Lakini ningesemaje? Mwenyekiti ni mtu wa historia, na kila ukimwambia jambo hukuuliza chanzo chako ni nini. Chanzo changu kilikuwa kinanisubiri na samaki.

Nikanyamaza, na kunyamaza kuliniuma, maana katika klabu ile kila aliyefungua mdomo alimwita yule mama mwongo. Walilisema neno hilo kwa upole, kwa lugha ya kitaalamu, lakini ni lilelile alilosema polisi.

Kosa la kumleta mpangaji wangu Farsta lilikuwa la wote na si la mtu yeyote. Mwenyekiti alikuwa amesoma mahali kwamba Kiswahili cha bara si kama cha pwani, na akaniomba, huku amewiva masikio kwa aibu, kama namfahamu mtu wa pwani hasa. Nilipomsimulia mpangaji wangu alicheka hadi akakaa chini. Tangu aingie kwangu hajachoka kukisahihisha Kiswahili changu, na sasa serikali nzima ya Wazungu ilikuwa imemuunga mkono. Akasema atakuja. Alisema Waswidi anaowaona yeye ni wa aina mbili, walio kitandani na walio nyuma ya dirisha la ofisi, na alitaka kumwona mmoja ameketi tu anakunywa kahawa.

Alivaa gauni la kijani na mtandio wa hariri, akajifukiza udi, na kwenye treni ya njia ya kijani watu walimpisha. Alikuwa mzuri. Sijui niseme vipi, lakini mimi niliyezoea kumwona akirudi na mikono iliyokunjamana kwa sabuni, nilimtazama kwenye kioo cha dirisha nikaona fahari.

Tulikaribishwa kwa shangwe za kimyakimya. Mishumaa ikawashwa. Mwenyekiti akatangaza kwamba leo tuna bahati maradufu, kwani amerudi pia mwanachama wao mwenye jicho la nyuso, ambaye kwa miezi kadhaa Jumapili zake zilikuwa zimeliwa na mazoezi ya hoki ya mjukuu. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke wa miaka sitini hivi, nywele fupi za fedha, miwani ikining'inia kifuani, akipangusa theluji mabegani. Nikahisi kucha za mpangaji wangu zikizama katika paja langu.

"Ndiye," alininong'oneza.

"Ndiye nani?"

"Bosi."

Nilitaka tuondoke. Lakini ukumbi ulikuwa mdogo, mlango mmoja, na msimamizi yule alikuwa amesimama palepale mlangoni akivua viatu. Na hapa Sweden hakuna mkutano unaoanza bila watu kuzungukia meza, kila mmoja ataje jina lake na aseme kwa nini amekuja. Zamu ilizunguka pole pole. Nilitaja jina langu. Kisha ikafika kwa mpangaji wangu, na akataja jina lake mwenyewe, alilopewa na baba yake Tanga, jina ambalo mahali pake pa kazi halijawahi kutamkwa. Alilitaja akimtazama bosi wake machoni, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa kutazama.

Msimamizi akainuka, akazunguka meza, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akamtazama vizuri. Akamwambia karibu sana, ni heshima kukutana naye. Kisha akarudi kuketi akamsogezea sahani ya vitafunwa.

Nilipumua. Na pumzi ilipokwisha kutoka, nilipata hasira ambayo sikuitegemea. Asubuhi ngapi wameamkiana wale watu? Nilikuwa nimeomba Mungu asimtambue, na Mungu akanisikia, na bado nikaona nimetukanwa.

Msimamizi ndiye aliyetoa mada ya siku ile, na mada ilikuwa nyuso. Alieleza kwamba mtu aliyefanya kazi na watu maisha yake yote hujifunza kuona. Alikuwa ameyapanga maelezo yote ya shahidi kwenye ukuta, kimo huku, umbo huku, tabia kule, na akaonyesha kwa kijiti kwamba hayawezi kuwa ya mtu mmoja. Hapo nilisogea mbele kwenye kiti. Mpangaji wangu naye akaacha kutafuna. Maelezo hayawezi kuwa ya mtu mmoja, alirudia, na kwa hiyo, alisema, mtu huyo hakuwapo. Ni hadithi ya waandishi wa magazeti. Walisikia kuna mwanamke mweusi, kila mmoja akamtunga wake.

Wakapiga makofi ya vidole viwili viwili. Mwenyekiti akasema ni wazo la kijasiri. Ukaja wakati wa kahawa, na msimamizi, kwa kutaka kumchangamsha mgeni, akaanza kumsimulia habari za mfanyakazi wake mmoja anayetoka pande hizohizo. Alisema ni hazina. Anafanya kazi kama watu wawili. Hachoki, hadai chochote, jino likimuuma anashika shavu anaendelea kufua. Na ana moyo mpana ajabu katika mambo ya dini, alisema msimamizi akitugeukia sote ili tujifunze, maana mwezi wa Ramadhani hufunga kabisa na Krismasi hula nyama ya nguruwe pamoja na wenzake, jambo linaloonyesha jinsi alivyoizoea Sweden.

Mpangaji wangu alimsikiliza akisifiwa yeye mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Aliuliza kwa Kiswidi chake cha polepole kama huyo mama ni mrefu. Msimamizi akafikiri kidogo, akasema ni wa kawaida.

Nadhani ni hilo neno la kawaida lililomtoa. Alinigeukia, akasema kwa sauti yake ya siku zote, sauti ya kuuliza bei ya vitunguu:

"Dada, hawa hawaoni kwamba walikuwa wawili?"

Meza nzima ikamgeukia. Walikuwa wamemwita kwa ajili ya Kiswahili chake, na sasa Kiswahili kilikuwa kimetoka. Mwenyekiti akashika kalamu. Msimamizi akavaa miwani. Wakanitazama mimi, nitafsiri.

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa manne tu au matano kwa Kiswidi, na yangemtoa mwanamke wa watu katika uongo aliokaa nao zaidi ya karne, na yangewafanya wale watu wakae kimya kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti angeuliza chanzo. Na msimamizi, mwenye miwani machoni sasa, angeanza kuwaza juu ya jambo la watu wawili na jina moja, na aliyelisema ameketi mbele yake. Mpangaji wangu aliyaona hayo yote usoni mwangu. Hakungoja.

"Sema nimeomba sukari," alisema.

Nikasema ameomba sukari. Msimamizi akampa bakuli kwa mkono wake. Na mwanamke yule, ambaye tangu daktari amtishe hajatia sukari kikombeni, alijitilia vijiko viwili vilivyojaa, akakoroga, akanywa hadi mwisho.

Kisha wakapiga kura, maana bila kura hawawezi hata kufungua dirisha. Mikono ikainuliwa, na ikapitishwa kwamba shahidi hakuwapo, na kwamba makala itaandikwa kusema hivyo. Nimefundisha hesabu miaka mingi, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona moja na moja ikijumlishwa na watu wazima wenye digrii, na jibu likawa sifuri.

Wakati wa kuagana msimamizi alimshika tena mpangaji wangu mikono. Akamuuliza kama amewahi kufikiria kazi katika nyumba ya wazee, kwa kuwa wana upungufu mkubwa wa watu, na mtu mpole hivi angefaa sana. Ila ahakikishe karatasi zake ziko sawa, aliongeza kwa wema kabisa, siku hizi wanakagua.

Kwenye treni nilikuwa nimefura. Nilisema yote niliyoyameza pale mezani, na mengine yaliyokuwa ya fundi wa Thika. Nilisema yule mama wa zamani hakustahili kufutwa namna ile, na kwamba yeye mpangaji wangu ndiye aliyekuwa na haki ya kumsemea kuliko mtu yeyote Stockholm. Alikuwa amevua mtandio ameukunja mapajani.

"Dada, yule ameshazikwa," alisema. "Mimi kesho nina zamu."

Tulibadilisha treni mjini, tukapanda ya buluu, na njia yote hadi Husby alilalia bega langu macho wazi.

Jumatatu nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amefika, bado na koti, ameketi kwenye stuli ya mlangoni na kiatu kimoja mkononi. Nilimuuliza kwa hofu kama kuna lolote limetokea. Akasema hapana, hakuna. Bosi alikuja asubuhi kama kawaida, akamwita kwa jina la Mkongo kama kawaida. Ila leo hakupita tu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, akaegemea, akataka mazungumzo.

"Kaniambia jana amekutana na mwanamke wa kwetu," alisema. "Mtu mzuri, ana haiba, hajawahi kuona mtu mstaarabu vile. Anasema sura yake imemkaa, haimtoki. Anatamani siku moja anikutanishe naye, kwa vile niko peke yangu kule chini kwenye mashine."

Nikamuuliza yeye alijibu nini.

Alikiweka kile kiatu sakafuni, akakipanga sawa na mwenzake.

"Nimemwambia hata mimi nina hamu ya kumwona."